Riwaya tano za aina tano: mnaziandikiaje maoni bila kuzionea?

Penseli_Butu

Wakuu, salaam.

Nimemaliza riwaya tano mfululizo, kila moja na njia yake: Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, Kuli ya Adam Shafi, Utengano ya Said Ahmed Mohamed na Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Nataka kuandika maoni ya kila moja, aya mbili tatu hivi, yamfae mtu anayetafuta cha kusoma.

Niliyonayo mpaka sasa ni haya. Mzimu: kitendawili kizuri, ila mazungumzo marefu. Kufa na Kupona: inakimbia, huiweki chini, lakini ukimaliza hakuna kinachobaki. Kuli: nzito, na kuna mahali inahutubia. Utengano: inauma. Nagona: sikushika kitu, ingawa kuna kurasa nimezirudia kwa utamu wa lugha tu.

Nauliza: mnatumia vigezo vilevile kwa zote, au kila aina na vyake? Mnaandika nini wakati wa kusoma, mkiwa bado katikati ya kitabu? Na Nagona mtu anaiandikiaje? Naomba majibu ya vitendo. Habari za fani na maudhui za darasani ninazo, haziniambii nishike penseli wapi.

Kiko_Mkononi

Salaam mkuu. Ulipoandika "hakuna kinachobaki" umemdai Musiba deni ambalo hakukopa. Riwaya hujitambulisha mapema, ndani ya kurasa 20 au 30 za mwanzo: inakuonyesha itakusubirisha nini, itakutisha kwa nini, itakuuliza nini. Pima kwanza kama imelipa ilichoahidi. Kama ahadi yenyewe ilikuwa ndogo, hilo liandikie sentensi yake peke yake.

Halafu umeziweka Mzimu na Kufa na Kupona karibu mno. Riwaya ya upelelezi inauliza nani kafanya na kafanyaje. Jambo limeshatokea, akili inarudi nyuma. Riwaya ya ujasusi inauliza kama shujaa atawahi kabla jambo halijatokea. Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu, anakaa na kiko chake, anauliza habari za jamaa, nani kazaliwa na nani, nani alimwoa nani. Willy Gamba, jasusi wa Kufa na Kupona, yuko mbioni. Ukimpima Willy kwa vidokezo utamwonea, na ukimpima Bwana Msa kwa mwendo utamwonea zaidi, maana hayo mazungumzo uliyoyaona marefu ndiyo ghala la ushahidi. Mwandishi wa upelelezi huficha kidokezo ndani ya soga kwa sababu msomaji akiona soga hupumzika.

Kwa upelelezi, chora safu tatu kwenye karatasi: ukurasa, jambo, nani analijua. Usiandike kila kitu. Andika lile tu ambalo limetajwa bila kulazimika: saa, kitu kilichohama mahali pake, mtu aliyekosekana, jibu lisilolingana na swali. Mistari 10 hadi 15 inatosha kwa kitabu kizima. Ukifika robo tatu, funga kitabu, andika jina la unayemshuku na sababu mbili. Akishafichuliwa mhalifu, rudi kwenye karatasi yako na ujiulize:

Kidokezo kilichomnasa kilikuwa mbele yako kabla mpelelezi hajakisema? Mhalifu mwenyewe alionekana lini mara ya kwanza? Akitokea robo ya mwisho, hiyo ni hila. Kuna bahati nasibu? Kuanzisha balaa kwa bahati ni ruksa, kulitatua kwa bahati si ruksa. Na vile vidokezo vilivyokupoteza, vimepewa sababu yake mwishoni, au vimeachwa vikining'inia? Hili la mwisho ndilo linaloangusha riwaya nyingi ambazo kwa mengine yote ni nzuri.

Kasoro nyingine ya kuitazama: tuko kichwani mwa mpelelezi, tunajua hata anachokitamani kula, ghafla tunaambiwa "akaona kitu mezani, akatabasamu", na hatuambiwi kitu gani. Huo ni ubahili. Dawa yake ya siku nyingi ni kumweka mwenzi anayeona yote na asielewe yote, na Najum yuko kando ya Bwana Msa kwa kazi hiyo. Kwenye maoni yako sema kama anaifanya au anabaki kuwa mtu wa kushangaa tu.

Mzimu ina jambo jingine la kulipima. Kifo kimetokea mahali panapoogopwa, watu wana maelezo yao tayari. Tazama Bwana Msa anavyoitenganisha hofu na ushahidi, hatua kwa hatua. Kwa kitabu cha 1960, hapo ndipo penye nguvu zake, kuliko hata kwenye jina la mhalifu.

Kwa ujasusi, karatasi ni nyingine. Kila sura mstari mmoja: alitaka nini, nini kilimzuia, ametoka amepoteza nini. Sura mbili zikipita bila hasara yoyote, taharuki inalegea hata kama risasi zinalia. Na shujaa akiwa ndiye msimulizi, tunajua hafi, kwa hiyo hofu itoke kwingine: muda unaokwisha, mwenzi atakayepotea, siri itakayovuja. Hapo ndipo utajua kwa nini hukuiweka chini, na hilo ndilo msomaji wako anataka kulijua.

Kabati_Wazi

Mkuu Kiko, karatasi zako naziunga mkono. Ahadi ikiwa kipimo cha kwanza ndipo tunapoachana. Riwaya inayoahidi kidogo ikatimiza itaishinda daima ile iliyolenga mbali ikafika nusu ya njia, na tutaishia kuwasifia waoga.

Isitoshe, nyingine hazikai kabati moja. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) ina binti, Yasmin, aliyeozwa mume mzee. Ina Denge na harakati za kisiasa za Unguja chini ya Waingereza. Ina polisi wanaomwinda Denge. Mapenzi, historia au msako? Ukichagua moja umeipunja.

Kipimo changu mimi: chukua ukurasa wowote wa katikati, ujiulize kama ungeweza kuhamishiwa riwaya nyingine, ukabadilisha majina tu, mtu asigundue. Jaribu kurasa tano zilizo mbalimbali. Zikihamishika nne, mwandishi anaandika kwa mazoea, awe wa mapenzi au wa majasusi. Nagona hata ukurasa mmoja hauhamishiki. Hiyo tayari ni sentensi ya kwanza ya maoni yako.

Pambizoni

Nijibu la Kuli, maana "inahutubia" ni shutuma inayotupwa ovyo kwa riwaya za kihistoria, wakati mwingine kwa haki.

Jaribio la hotuba lina sehemu tatu. Moja, chukua mazungumzo yaliyokuchosha, funika majina ya wasemaji kwa kidole. Usipoweza kujua nani anasema lipi, wahusika wamegeuzwa vipaza sauti. Mbili, angalia kama msikilizaji anabisha. Hotuba isiyobishiwa na mtu hata mmoja ni ya mwandishi. Tatu, tazama kurasa tano zinazofuata: kuna mtu amefanya jambo ambalo asingelifanya bila maneno yale? Kwenye riwaya inayoelekea mgomo, maneno ni chombo cha kazi. Makuli, wabeba mizigo wa bandarini, hawagomi kwa kukonyezana. Lazima mtu aseme, mwingine aogope, wa tatu ahesabu atakula nini kesho. Ukipima hivyo utakuta baadhi ya kurasa ulizozichukia zimefanya kazi yake, na baadhi kweli zimezidi. Zitaje kwa namba.

Kwa riwaya yoyote ya kihistoria, chora mistari miwili sambamba. Wa juu matukio ya umma na miaka yake, wa chini umri wa mhusika mkuu. Kuli inakwenda kwenye mgomo wa Unguja wa 1948. Kasri ya Mwinyi Fuad, ya Shafi pia, inakwenda kwenye Mapinduzi ya Januari 1964. Ukishaweka umri chini ya mwaka, makosa yanajitokeza yenyewe: mtoto aliyekua haraka mno, mzee asiyezeeka, ujauzito wa miezi 14.

Kasoro zinazojirudia kwenye aina hii ni unabii na ujirani. Unabii ni pale mhusika wa 1948 anapozungumza kama mtu aliyekwisha kusoma magazeti ya 1964. Hakosei kutabiri, hana matumaini ya uongo. Watu wa wakati wowote wana matumaini ya uongo, na riwaya isiyo nayo haijaingia ndani ya wakati wake. Ujirani ni pale kila mkubwa wa historia anapopita mlangoni kwa shujaa wetu. Akipita mmoja tunavumilia.

Usihakiki kila tarehe, utageuka karani. Chagua vitu vitatu: tukio moja la umma, sheria au desturi moja, na kazi moja ya mikono. Kwenye Kuli kazi ya mikono ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote. Tafuta ukurasa wa kubeba mzigo, uusome polepole: unajua gunia linakaa wapi mwilini, nani anahesabu, malipo yanatoka kwa siku au kwa kazi, mtu akiumia nani anajua? Mwandishi anayekuonyesha hayo amekujengea sababu ya mgomo kabla hajaitaja siasa. Akikwambia tu kwamba kazi ilikuwa ngumu, hotuba itakayofuata itaning'inia hewani.

Ukipata nafasi, zisome tatu za Shafi kwa mfuatano wa kuchapishwa: Kasri ya Mwinyi Fuad 1978, Kuli 1979, Vuta N'kuvute 1999. Kati ya ya pili na ya tatu kuna miaka 20, na unaona mkono ulivyobadilika. Mwanzoni siasa ndiyo inayowabeba watu. Kwenye Vuta N'kuvute tunaanza na ndoa ya msichana, na siasa inaingia kupitia maisha yake. Kwa hili namuunga mkono Kabati_Wazi, ila sioni kwamba linaziua aina. Linaonyesha mwandishi aliyejifunza kuzichanganya.

Bi_Shani

Nimechelewa, ila la Nagona naliomba mimi.

"Sikushika kitu" usiifute. Iongezee mambo mawili: ulipotelea ukurasa wa ngapi, na wakati huo ulikuwa unangoja nini. Mara nyingi msomaji wa Nagona hupotea kwa sababu anangoja kisa kisonge mbele, na kisa hakisongi kwa njia hiyo. Ukiandika hivyo, msomaji mwenzio anajua kama kitabu kinamfaa au la. Anayesoma kwa ajili ya kujua nini kilitokea baadaye, mwambie mapema aanze kwingine.

Mambo ya ajabu kwenye riwaya zetu hayafanani, na ukiyachanganya utasoma vibaya. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ni istiara: nchi inayoelea angani, Karama kizimbani, Majivuno akimshtaki, na utetezi unaojengwa kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Mpangilio ni wa hesabu. Majina yanakwambia mapema nani ni nani, na kulalamikia hilo ni kuilaumu hekaya kwa kuwa hekaya. Unachopima ni kama kila mjumbe anaongeza hoja mpya kwenye kesi au anarudia ya mwenzake.

Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) ni mpango mwingine. Kuna dunia ya kawaida, kuna mhusika mkuu, anayeitwa K tu, na cheo chake, kisha babu aliyekwisha kufa anamrudia. Kipimo hapo ni mpasuko: ajabu inapoingia, dunia ya kawaida inabaki na uzito wake? K anaendelea kuwa na kazi, deni, aibu? Ajabu ikifuta kila kitu, haina cha kuitishia.

Nagona (1990) haina dunia ya kawaida ya kupasuliwa. Unaingia tayari uko ndani. Kwa hiyo isome hivi. Mara ya kwanza, vikao viwili, usirudi nyuma, usitafute maana ya chochote. Ni kitabu kifupi, kinaruhusu. Mara ya pili, kalamu mkononi, orodhesha vinavyorudi: paa (yule mnyama), ngoma, ukimya, na vingine utakavyoviona. Mbele ya kila kimoja andika kurasa, na neno moja la hali ya msimulizi pale kilipotokea. Baada ya hapo angalia orodha: kitu kilekile kikirudi, hali imebadilika? Mwendo wa kitabu uko kwenye mabadiliko hayo. Mara ya tatu si lazima iwe kitabu kizima. Rudia kurasa zenye majina ya wanafikra wa Ulaya tu. Huhitaji kuwa umewasoma. Tazama wanafanya nini mle, wanatendewaje, wanaachwa wapi.

Zile kurasa ulizozirudia kwa utamu wa lugha, zisome kwa sauti. Kezilahabi ni mshairi aliyetoa Kichomi mwaka 1974 na kuyaacha mapokeo ya vina na mizani, na nathari yake ina pumzi hiyohiyo. Nakili sentensi mbili, eleza kinachotokea sentensi inapokatika ghafla. Hapo umeandika uhakiki tayari.

Kosa linaloua usomaji wa vitabu hivi ni kugawa maana kama mgao: paa ni hiki, ngoma ni kile, kwisha. Alama yenye jibu moja ingeandikwa kwa neno moja. Ukipata maana mbili zinazogombana, ziandike zote mbili.

Kama ngazi hii ni ndefu mno, anza na Babu Alipofufuka au Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002), kisha Nagona, kisha Mzingile (1991) inayofuatana nayo. Mzingile kabla ya Nagona sikushauri.

Penseli_Butu

Asanteni sana, wote. Bi Shani, ukurasa niliopotelea naujua, na kweli nilikuwa nangoja kisa kisonge.

Imebaki Utengano. "Inauma" ni neno moja na sioni niendeleeje bila kumwaga kisa chote. Na nyota je, nitoe?

Kabati_Wazi

Utengano na ndugu zake, riwaya za familia, ndoa na jamii, zipime kwa maamuzi. Gawa karatasi pande mbili: aliyoamua mwenyewe, aliyofanyiwa. Mweke Maimuna kwanza. Binti aliyefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, upande wa "aliyofanyiwa" utajaa haraka, na hilo si udhaifu wa kitabu, ndiyo hoja yake. Swali ni lini upande wa pili unapata mstari wa kwanza, na uamuzi huo unamgharimu kiasi gani. Kisha mfanyie Kazija vivyo hivyo. Yeye anapanga wakati wengine wanapangiwa, na ukiwaweka wanawake hao wawili kando kwa kando umepata aya nzima bila kusimulia mwisho.

Kwa riwaya za mapenzi yenyewe ongeza swali hili: kinachowazuia wawili hawa kingeweza kwisha kwa mazungumzo ya dakika kumi? Kama ndiyo, na mwandishi anaendelea kuwazuia wasikutane ili wasizungumze, kitabu kinajikongoja. Kizuizi imara ni kile ambacho hata wakizungumza kinabaki: baba, tabaka, deni, dini, woga wa mmoja wao.

Angalia pia adhabu. Jamii ikimwadhibu mwanamke ndani ya kisa ni jambo moja, mwandishi akimwadhibu ili tupate funzo ni jingine. Njia ya kutofautisha: je, wanaume waliotenda lilelile nao wanalipa, na wakilipa, wanapewa kurasa ngapi? Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) isome kwa swali hilo hilo. Miaka yote hii bado inagombanisha wasomaji.

Nyota usitoe. Nyota nne za Musiba na nyota nne za Kezilahabi hazinunui kitu kimoja.

Mhariri_wa_Usiku

Nyota toa ukitaka, ila ziwe ndani ya aina moja na useme hivyo. Mambo ya uandishi sasa, kwa kifupi.

Andika maoni ya kitabu kimoja kabla hujafungua kingine. Ukitoka kwa Willy Gamba ukaingia Kuli usiku uleule, Kuli itaonekana inatambaa, na kosa si lake. Rasimu iwe ndani ya siku moja baada ya kumaliza, na kabla ya kusoma maoni ya wengine. Masahihisho yaache siku mbili tatu.

Kwa maneno 300, kisa kisizidi sentensi nne, na kiishie theluthi ya kwanza ya kitabu. Upelelezi uishie mapema zaidi, pale kifo kinapogunduliwa. Kama hoja yako haisimami bila kufichua mwisho, weka onyo na uitenge kwenye aya ya mwisho.

Sifa kama "inasisimua", "nzito" na "inauma" zisiende peke yake. Kila moja ifuatwe na mahali: ukurasa, tendo, au nukuu isiyozidi mistari mitatu. Usipopata mahali pa kuionyesha, futa sifa hiyo. Penseli, "mazungumzo marefu" ya Mzimu yanahitaji hivyo pia: marefu wapi, na baada ya kuyasoma ulijua nini ambacho hukukijua?

Tafsiri, siku ukizifikia, ziandikie mara mbili. Peponi ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikaja 2022. Habari za Yusuf, mtoto aliyetolewa kufidia deni la baba yake, ni za Gurnah. Namna wanavyosalimiana, kutaniana na kutukanana kwa Kiswahili ni kazi ya mfasiri. Ukisifu au kulaumu, sema unamsifu nani.

Na taja mchapishaji na mwaka wa chapa uliyosoma. Riwaya hizi za zamani zimechapwa upya mara kadhaa, ukurasa wako wa 87 unaweza kuwa wa 102 kwa mwenzio, na ubishi wote wa vidokezo vya Kiko_Mkononi ukaharibikia hapo. Ukiongeza namba ya sura umemaliza tatizo.